Kuhusu Kitu Kisicho na Jina Kilichookoa Banda Langu

Banda la Matufaha la Dransfield,
Barabara ya Kilima cha Cutler,
Bonde la Huon, Tasmania.
Januari, Jumapili ya joto.

Kwa Mhariri,
Jarida la Umoja wa Programu Huria wa Bonde.

Ndugu Mhariri,

YAH: KITU KILICHOTOKA GHALANI BILA KUPEWA JINA

Nakusalimu kutoka kwenye banda langu la matufaha, ambalo bado limesimama. Kusimama kwake ndiko kunakonilazimu kukuandikia.

Najua wasomaji wako wengi ni wanachama wenzetu na mambo haya wanayafahamu. Lakini jarida lako husomwa pia na watu wanaofungiwa samaki nalo, na hao nao wana haki ya kuelewa wanachokisoma. Kwa hiyo nianze mwanzo.

Umoja wetu hutengeneza programu za simu na kompyuta na kuzigawa bure kwa yeyote anayezitaka. Kutengeneza ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kugawa, na ndani ya kugawa, kazi kubwa kuliko zote ni kukubaliana kile tunachogawa kinaitwaje. Kazi hiyo nimekabidhiwa mimi, kama Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Istilahi. Sikuisomea. Nilikuwa fundi wa redio za wachuma matufaha, nikaingia kwenye kompyuta majira fulani ya baridi kwa sababu zilikuwa zinatoa joto. Mkutano wa kwanza wa Umoja ulifanyika humu bandani mwangu kwa sababu hiyohiyo, na tangu siku hiyo hatujahama.

Miongoni mwa programu zetu iko moja iitwayo Kengele. Mtu akitoa taarifa ya moto, Kengele hulia kwa mpigo mmoja kwenye simu za wanakikosi wote wa zimamoto wa kujitolea, na huwaonyesha barabara ya kupita na bwawa la karibu lenye maji. Ilianza kazi wakati wa baridi na ilifanya vizuri, kwani wakati wa baridi hapa hakuungui kitu. Ikaja Oktoba. Saa za kisiwa zikasogezwa mbele kwa ajili ya kiangazi, kama kila mwaka, na Kengele haikusogea nazo. Taarifa ya moto wa saa nane mchana ilipoingia, Kengele, ambayo kwake ilikuwa bado ni saa saba, iliona imeletewa habari ya jambo ambalo halijatokea. Ikaishika habari hiyo kwa adabu mpaka wakati wake ufike.

Ndivyo banda la majani makavu la Bi Viney lilivyoteketea. Tulifika na gari letu jekundu tukakuta majivu, na Bi Viney amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mmekuja kunywa chai?" akatuuliza. Tulikunywa. Nasema tulikunywa kwa sababu nilikuwepo. Ndimi mshika mpira wa maji wa pili wa kikosi.

Mwenzetu Gwenda Pybus, mfamasia mstaafu ambaye mpaka leo huandika programu kama mtu anayehesabu vidonge, aliirekebisha kasoro ile jioni ileile. Alibadilisha mstari mmoja. Matatizo ninayokuletea hapa yote yalianzia kwenye mstari huo.

Katiba yetu inasema hakuna kinachotoka ghalani, yaani kwenye kompyuta inayohifadhi programu zetu zote, bila kuitwa kwa jina lake, kwa kuwa kila jina lina njia yake ya kutokea. Kikiitwa kiraka, yaani kipande cha kuziba tundu kwenye programu iliyopo, kinatoka kwa sahihi ya mtu mmoja. Kikiitwa toleo, yaani programu ileile iliyovishwa namba mpya, kinatoka kwa idhini ya mkutano mkuu. Kikiitwa kifurushi, yaani programu pamoja na kila inachohitaji, vyote vimefungwa pamoja tayari kwa safari, basi lazima kilale ghalani msimu mzima kikikaguliwa. Mtu wa nje akitusikia atadhani tunagombania maneno. Tunagombania milango.

Na wala si ukaidi wa wazee. Mwaka juzi Desmond Tatnell, mtunza ghala wetu, aliombwa afute kifurushi kimoja kilichochakaa. Desmond alikuwa ametoka kwenye umoja mwingine, kule mjini Hobart, ambako neno hilo walilitumia kwa kila kilichomo ghalani, akafuta kila kilichomo ghalani. Pasaka yote ile tulikuwa tukirudisha. Tangu hapo tuliapa kwamba neno moja litabeba kitu kimoja, na kwamba tutakubaliana kwa kura.

Kura yetu inapigwa kama zinavyopigwa kura zote kisiwani hapa, kwa namba. Unampa unayemtaka namba moja, unayemvumilia namba mbili, na kadhalika mpaka chini. Anayeshika mkia akiondolewa, kura zake huhamia kwa namba mbili zake. Karatasi yetu ilikuwa na majina matatu, Kiraka, Toleo na Kifurushi, na chini kabisa, kama katiba inavyotaka kwenye karatasi zote, palikuwa na chaguo la nne liitwalo Tuendelee Kujadili.

Sasa wewe Bi Heazlewood umekuwa mhariri wetu miaka mingi na unawajua watu wetu. Mtu wa kiraka hawezi kumpa toleo namba mbili. Afadhali aungue. Mtu wa toleo naye hawezi kumpa kifurushi. Basi kila mmoja akampa mpenzi wake namba moja, na namba mbili akampa Tuendelee Kujadili, ambaye hana adui. Tukapiga kura Oktoba, Tuendelee Kujadili akashinda. Tukapiga Novemba, siku chache baada ya ubao wa mabao wa klabu ya kriketi kuungua huku Kengele ikingoja wakati wake, na Tuendelee Kujadili akashinda kwa kishindo. Tukapiga Desemba. Watu walikuwa wameshaanza kumpigia makofi kabla sijafungua sanduku.

Baada ya maelezo hayo, naomba sasa kuwasilisha malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kwamba Gwenda Pybus aliondoka na kitu.

Ilikuwa kwenye mkutano huohuo wa Desemba. Nilipomaliza kutangaza matokeo, Gwenda aliinuka, akachukua bati la biskuti la Umoja kutoka kwenye meza ya chai, akatumbukiza flashi ndani yake, akalifunika kwa kiwiko.

"Unakwenda wapi na bati letu?" Desmond akamuuliza.

"Kwa Kapteni Barwick wa zimamoto."

"Na ndani mna nini?"

"Biskuti."

"Gwenda."

"Biskuti na kitu."

"Kitu gani? Sema vizuri. Kiraka? Toleo? Katibu anaandika hapa!"

"Andika kitu, Desmond mpenzi wangu. Kitu cha kumwamsha Barwick moto ukiwaka badala ya kumwamsha ukiisha. Na usiniangalie hivyo, biskuti zenyewe nimeoka mimi."

Akatoka. Mlango ukabaki wazi na kondoo mmoja akaingia. Katibu aliandika habari za kondoo kwa usahihi, kwa kuwa kondoo ana jina linalokubalika. Habari za kitu kile aliacha nafasi tupu, na nafasi hiyo iko wazi mpaka leo.

2. Kwamba kitu hicho kilifanya kazi.

Hili ndilo lililoniumiza zaidi. Kitu ambacho hakijakaguliwa wala kutajwa kinatakiwa, kwa heshima tu, kishindwe. Kingeshindwa, tungekaa wote tukasikitika pamoja na kuendelea. Alhamisi iliyopita jirani yangu wa juu alikuwa akikata nyasi, kisu cha mashine kikagonga jiwe, cheche ikaruka, na upepo ulikuwa ule wa kaskazini magharibi unaoijua njia ya kuteremka kilimani kuliko posta. Nilikuwa ndani ya banda nikipanga karatasi za kura. Simu za kikosi kizima zililia dakika ileile. Gari lilipita lango sahihi, likanywa maji kwenye bwawa sahihi, na moto ukakomeshwa kwenye ua wangu. Rangi ya mlango imetoka malengelenge. Basi.

Nakuomba uone ugumu wa hali yangu. Humo bandani mlikuwa na sanduku la kura, katiba, na kumbukumbu zote za mikutano iliyokikataza kitu hicho kutoka. Kitu hicho kimeziokoa. Huu ni mgongano wa maslahi ambao katiba yetu haikuuwazia. Aidha, wajumbe hawawezi tena kukijadili kwa utulivu. Desmond, mtu wa toleo kindakindaki, alionekana na mashahidi akimkumbatia Gwenda kando ya pampu, wote wawili weusi kwa masizi, akisema, "Wee mwanamke wewe! Wee mwanamke!" Sikuweza kupata kutoka kwake maoni ya kiistilahi siku ile.

3. Kwamba kitu hicho sasa kinaitwa dude la Gwenda.

Jina hili lilitoka kwa Kapteni Barwick, ambaye si mwanachama na hakupewa karatasi ya kura. Limeenea bondeni kote. Linatamkwa kwa muuza mikate, kwa kinyozi, na kwenye foleni ya posta. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi amewachoresha watoto picha ya dude la Gwenda, na kwenye picha zote lina miguu.

Nilimfuata Kapteni Jumamosi asubuhi alipokuwa akichoma soseji za kuchangia mafuta ya gari. Nikamweleza kwa upole tofauti ya kiraka, toleo na kifurushi, na nikamwomba achague, au walau asitumie lolote mpaka tutakapomjulisha. Alinisikiliza vizuri sana, akageuza soseji zote, upande huu na upande ule.

"Clive, mzee wangu," akasema, "mimi kazini kwangu nina maneno matatu. Gari, maji, na pole. Hilo la tatu nimechoka kulisema."

Bi Viney ndiye aliyekuwa kwenye vitunguu. Akaniuliza, "Hilo dude lilikuwa tayari tangu lini?"

Nikamjibu ukweli, kwamba tangu siku ile ya chai.

"Na mlikuwa mnangoja nini miezi yote hiyo?"

"Jina," nikasema.

Alinifungia soseji yangu kwenye mkate, akanipa bila kitunguu. Watu wa bonde hili hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo, na wengine naomba waniamini tu kwamba nimeishi hapa maisha yangu yote na sijawahi kupewa soseji ya namna hiyo.

4. Kwamba moto wenyewe haujulikani umezimika au la.

Kanuni zetu zinasema kila tukio linaloandikwa kwenye kumbukumbu litaje chombo kilichotumika. Chombo hakina jina. Kwa hiyo katibu hawezi kuandika kwamba moto umezimwa, na usipoandikwa umezimwa, basi kwa upande wa Umoja bado unawaka. Kwa sasa tumeuandika kuwa ni "moto ambao hali yake inajadiliwa." Kampuni yangu ya bima nimewaandikia kuwajulisha hivyo, na wamenijibu kwa simu. Kijana mwenye sauti ya upole aliniuliza kama banda liliungua au halikuungua. Nikamwambia kimwili halikuungua. Akaniuliza kama ninaishi peke yangu.

5. Kwamba kitu hicho kimeanza kusambaa.

Watu wa vikosi vya mabonde ya jirani wamesikia. Wanakuja na pikapu zao mpaka kwa Gwenda, wanasimama jikoni, wanakula biskuti, na kila mmoja anaondoka na flashi mfukoni. Wengine hawaji hata wenyewe, wanamtuma dereva wa maziwa. Huo ni usambazaji, Ndugu Mhariri. Na usambazaji ni neno ambalo Kamati yangu ilikuwa imeliweka kwenye ajenda ya mwaka kesho! Desmond alikuwa ameshaanza kuandika waraka wa kuuliza kama usambazaji ni kile kitendo cha kupeleka, au ni lile fungu zima la programu linalopelekwa, au ni watu wanaopeleka. Sasa atauandika ili iweje? Dereva wa maziwa ameshamjibu.

Nilimwendea Gwenda mwenyewe nikamwambia haya yote jikoni kwake. Alikuwa akipika jemu ya aprikoti na hakuweza kuacha mwiko, kwa hiyo alinisikiliza kwa mgongo.

"Gwenda, unajua Jumanne kuna kura ya kukuondoa?"

"Najua. Wewe ndiye uliyeileta."

"Kwa kufuata katiba."

"Sawa, Clive. Mkiniondoa, mtalirudisha na dude?"

Nikamwambia ndiyo, hoja ni moja, vinakwenda pamoja. Mwanachama akiondolewa, alichokitoa bila idhini kinarudishwa ghalani, na kikosi kinarudi kwenye Kengele ya zamani.

Akasimamisha mwiko. "Februari yote bado iko mbele," akasema. "Umeona nyasi zilivyo?"

Nimeziona. Zinafanana na makaratasi. Lakini nyasi si sehemu ya istilahi.

Kwa hiyo, kuelekea mkutano huo wa Jumanne, naomba utumie ukurasa wako kuwaandaa wanachama wayakubali mapendekezo yangu, ambayo nimeyafikiria sana.

Kwanza, Gwenda Pybus aondolewe kwenye Umoja, bati lirudishwe, na vikosi vyote virudishe kile vilichopewa, kila kikosi kikieleza kwa maandishi kinarudisha nini.

Pili, kikosi chetu kirejee kwenye Kengele ya zamani, ambayo kasoro yake inajulikana na ambayo ina jina. Najua watasema inachelewa saa nzima. Hilo linatatulika kwa ushirikiano wa wananchi. Mtu yeyote anayetarajia kuwa na moto atoe taarifa saa moja kabla haujaanza. Jirani yangu wa juu, kwa mfano, alijua tangu asubuhi kwamba atakata nyasi na alijua shamba lake lina mawe. Hakukuwa na sababu ya kungoja mpaka cheche.

Tatu, kama pendekezo hilo litaonekana kuwa zito kwa wananchi, basi bonde hili peke yake libaki kwenye saa za majira ya baridi mwaka mzima. Tutakuwa nyuma ya Hobart kwa saa moja, lakini ukiangalia bei zetu za matufaha utaona tumeshazoea.

Nne, kikosi cha zimamoto nacho kiwe na utaratibu wa kura kabla gari halijatoka. Karatasi iwe fupi. Iulize tu kama tunachokwenda kuzima ni moto wa nyasi, moto wa msitu, au moto wa jengo, kwa sababu mara nyingi moto huanza ukiwa kitu kimoja na kufika ukiwa kingine, na watu wanajikuta wanauzima bila kuafikiana. Chini ya karatasi liwepo chaguo la nne. Nimemdokezea Kapteni Barwick wazo hili. Aliweka mkono begani mwangu na kuuacha hapo muda mrefu.

Tano, na hili nalisema kwa moyo mzito wa shukrani, Tuendelee Kujadili atunukiwe urais wa heshima wa Umoja kwa maisha yake yote. Nimetafuta katika historia ya chaguzi za kisiwa hiki na sijaona mgombea aliyeshinda mfululizo namna hiyo bila kuahidi chochote, bila kubandika picha yake kwenye nguzo, na bila kubisha mlangoni mwa mtu akiomba kura. Apewe kiti chake mezani. Apewe kikombe. Kitakuwa kikombe cha kwanza kwenye mikutano yetu ambacho hakiachi duara la chai juu ya katiba.

Nafahamu wapo watakaouliza, hasa vijana, na hasa Bi Viney, kama si rahisi zaidi kuliacha dude lifanye kazi yake kwanza na kulitafutia jina baadaye. Swali hilo nimelipokea kwa uzito unaostahili, na jibu langu ni kwamba hatuwezi. Tukianza kupeleka vitu mahali vinapohitajika kabla ya kukubaliana vinaitwaje, mwisho wake ni nini? Mwisho wake ni kwamba vitu vitakuwa mahali vinapohitajika, na Kamati Ndogo ya Istilahi itakuwa imekaa bandani, bila ajenda, ikitazamana na kondoo. Banda lenyewe liko tu kwa sababu ya ukiukwaji huohuo ninaoulalamikia. Kila nikigusa mlango wenye malengelenge najisikia kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha wizi.

Nimemaliza. Naomba barua hii itolewe yote, pamoja na namba zake, na ikiwa nafasi ni finyu upunguze habari za kriketi, ambazo msimu huu, kwa kukosekana ubao, hakuna mwenye uhakika nazo.

Msalimie mumeo na mgongo wake. Wasalimie wote wa duka la samaki. Msalimie Desmond ukimwona kabla yangu, na umwambie ufunguo wa ghala uko palepale. Msalimie Kapteni Barwick. Mwambie soseji ilikuwa nzuri hata hivyo. Bi Viney msalimie kwa tahadhari. Na Gwenda msalimie sana, maana sina ugomvi naye. Nilipoondoka jikoni kwake siku ile alinipa chupa ya jemu, bado ya moto, nimeila yote.

Mimi, niliyekabidhiwa maneno yenu na ninayeyarudisha yakiwa salama,

Clive Dransfield
Mwenyekiti, Kamati Ndogo ya Istilahi
(na mshika mpira wa pili)

Tanbihi: Nimesimama kutafuta bahasha na simu yangu imelia. Ni dude la Gwenda. Nililiweka kwenye simu yangu jioni ileile ya bati, kwa ajili ya kukusanya ushahidi. Linasema moto, Barabara ya Bwawa la Chini, nyuma ya kwa Pybus, pitia lango la Bi Viney. Nimechungulia dirishani na moshi ndiyo kwanza unatoka, mwembamba, haujafika hata juu ya mikaratusi. Jikoni kwa Gwenda madirisha yapo wazi na gari lake liko uani, naliona kutoka hapa. Kama ingekuwa ile Kengele yenye jina, ningekuwa sasa hivi nalamba bahasha.

Barwick amefika na gari, anapiga honi. "Clive! Acha hayo makaratasi, panda!" Gari litapita mbele ya kwako, nitaitumbukiza barua hii kwenye sanduku lako bila bahasha. Yote yaliyo juu ya sahihi yangu yapunguze upendavyo, hata ukiyatoa kabisa. Hii aya usiiguse.

Nikichelewa kurudi Jumanne, kura yangu ni hii. Namba moja, Gwenda abaki. Namba mbili, dude libaki. Namba tatu sina.

Kuhusu jina, tuendelee kujadili.